Kapasita ya Feni Katika Gitaa la Kwaya

Kwa Mama Edah,
Mwenyekiti, Kamati ya Kwaya,
Amalemba, Kakamega.

Mama yetu mpendwa,

KUH: OMBI LA KUONDOA VITU VYA KAMATI NDANI YA GITAA

Nakuandikia kwa heshima zote, maana wewe ndiwe uliyenipokea kwenye kwaya nikiwa sijui hata kukaza nyuzi. Lakini yaliyonipata kwenye mazishi kule Iguhu yamezidi kimo changu, na sina budi kulalamika kama ifuatavyo:

1. Gitaa letu lilipoanza kulia kwa ukali, niliomba ruhusa ya kubadilisha kapasita, kile kidude kidogo kama punje ya hindi kinachopunguza sauti nyembamba. Niliomba ruhusa, Mama. Sikuomba uchaguzi. Shemasi Kipkemboi alisimama akauliza, "Ikiwa ndogo inapunguza ukali kidogo, kwa nini kanisa liweke ndogo?" Mikono ikainuliwa. Ikapita kapasita ya feni mbovu ya ofisini, kubwa kama kiberiti. Kwa kuwa ilikataa kuingia ndani, imefungwa kwa nje na raba ya tyubu. Waumini huniuliza kama ninachaji simu.

2. Ndipo ikaja zamu ya rizista, kijiti chenye mistari ya rangi. Nilieleza kwamba rangi zile ni namba, zinaonyesha umeme uzuiwe kiasi gani. Wewe mwenyewe, Mama, kwa nia njema kabisa, ulichagua ya kijani, buluu, nyeusi na dhahabu kwa sababu inafanana na sare zetu. Kweli inafanana. Lakini haizuii chochote. Sauti yote inatoroka, kinabaki kishindo tu.

3. Nilimkimbilia fundi Griffin, anayetengeneza redio, nikitumaini atawakatalia. Alisema, "Kama kamati imepitisha, mimi ni nani?" Akachomea.

4. Sasa Iguhu. Unajua kwamba marehemu tuliyemzika alikuwa babu yake Winrose, na kwamba Winrose ndiye ninayetaka kumuoa. Siku hiyo ndiyo ukoo wake ungeniona mara ya kwanza. Nilikuwa nimepiga pasi mpaka soksi. Yalikuwa mazishi ya kanisa, bila ngoma za isukuti wala fahali kuletwa uwanjani kumuaga mzee kwa desturi yetu, kama kamati ilivyosisitiza.

Nilipogusa uzi wa kwanza, hakikusikika kitu. Shemasi akafungua spika mpaka mwisho. Nikagusa tena. Mama, ulikuwepo. Lile gitaa lilinguruma kama fahali aliyetukanwa, na ng'ambo ya mto fahali wa jirani akaitika. Kabla hatujamaliza ubeti alikuwa amekata kamba na kusimama mbele yangu, matope mpaka magotini.

Waombolezaji walitawanyika kwenye mahindi. Mimi nilikuwa nimefungwa na waya. Nilipoacha kupiga, akakwaruza ardhi. Mchungaji akapaza sauti kutoka nyuma ya jeneza, "Piga, Tevin! Usinyamaze!" Basi nikapiga uzi ule mmoja wakati wa maombi, wakati wa udongo, mpaka shada la mwisho, huku fahali akilamba kapasita. Winrose alijifunika uso na leso. Sikujua analia au anafanya nini, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Kwa hayo yote, naomba gitaa lirudishiwe vidude vyake vya zamani. Naomba pia kamati isipige kura tena juu ya kitu chochote chenye waya, iwe maikrofoni, taa au kengele. Naomba Shemasi akae mbali na spika, ikiwezekana akae mbali na umeme wote wa kaunti hii. Nikikataliwa, nitahamia kayamba.

Wasalimie wenye sauti ya kwanza na ya pili, sauti ya tatu wakiacha kunicheka, mchungaji na goti lake linalomuuma, na Shemasi pia, kwa sababu ya Biblia.

Ndimi mpigaji wenu mtiifu,
Tevin Wandera

Nyongeza: Nikitafuta bahasha, Winrose amebisha mlangoni. Simu yake ilianguka kwenye mahindi siku ile akikimbia. Ameleta ujumbe wa nyanya yake, mjane wa marehemu. Nyanya huyo anasema mzee alifuga fahali tangu ujana wake, na ilimuuma sana kuona anazikwa bila hata mmoja wa kumuaga. Alinyamaza kwa ajili ya kanisa. Lakini yule fahali alikuja mwenyewe, hakuna aliyemleta, na tangu hapo nyanya amepata usingizi. Ananiita nipeleke wazee wangu tuanze mazungumzo. Ameuliza neno moja tu: "Huyo kijana atakuja na ile kitu inangurumanga?"

Mama, tafadhali mwambie Griffin asiguse hata waya mmoja. Tunaenda Jumamosi.