Koleo Jekundu na Ndoo ya Maji ya Bahari

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimetoka kwa daktari wa moyo. Kasema moyo umechakaa, nisianze kusoma kitabu kinene. Akacheka peke yake. Nina miaka themanini na minne, thelathini na sita kati yake nilifundisha kemia. Sitaki kuzikwa na jambo hili kifuani. Naliandika.

Si mwanamke. Si wizi. Ni koleo.

Mwaka 1998 chama chetu cha wavuvi wa ufukweni hapa Goolwa kilitaka aina moja ya koleo kwa kila mwanachama: la kung'oa ndoana mdomoni mwa samaki, la kukata mshipi, la kustahimili chumvi ya mawimbi. Jirani yangu Horst Zadow alileta la chuma kitupu kisichoshika kutu, baya kama mguu wa kuku. Mimi nilileta la alumini, jekundu, lenye taya za chuma. Lilimeta! Nilijua fika kwamba metali mbili zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja huiozesha nyingine. Somo hilo nililifundisha wiki ile ile. Lakini nilikwisha kulisifu koleo langu mbele ya watu arobaini.

Yote mawili yakatiwa kwenye ndoo ya maji ya bahari, barazani mwa chama, yakae humo majira yote ya baridi. Wiki ya kumi langu lilikuwa limeota unga mweupe na kukwama. Jumapili, Horst akiwa kanisani kwao Walutheri, nikalitoa nikatia jipya. Nikashinda. Nikapigiwa makofi.

Tangu hapo Horst anatumia jekundu. Sasa yuko kwenye la sita. Yote yamekwama, naye anadhani hajui kuyaosha. Chama kizima kinamwita Kutu. Hata marehemu mkewe alimwita Kutu.

Makoleo mekundu hayatengenezwi tena. Jumamosi tunachagua mengine, na Glenys, mwenyekiti wetu, ameniomba niwe mshauri. Mimi! Nimeapa: Horst atajua kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwandikia barua. Kurasa sita. Tano na nusu ni juu ya tabia ya alumini. Mstari wa mwisho unasema kwamba huenda utaratibu wa mwaka 1998 haukuwa kamili katika kila hatua.

Nimempa Tevita aisome. Tevita ni Mtonga wa visiwani, huja asubuhi kunipa dawa na kunivalisha soksi. Akauliza aliyekufa humo ni nani. Nikasema hakuna aliyekufa, ni maungamo. Akasema, mzee, kwetu mtu akikosa anakaa chini kwenye mkeka, anainamisha kichwa, anasema nimekosa. Basi. Watu wanakula.

Nikamwambia magoti yangu hayafiki chini. Akasema basi sema ukiwa kwenye kiti, lakini sema kwa pumzi moja, maana pumzi zenyewe huna nyingi.

Barua nimeichana. Aibu.

Alhamisi, 6 Juni

Horst kaja mwenyewe! Kaleta keki yao Walutheri, ile yenye chengachenga za sukari juu, na mfukoni koleo jekundu la sita. Limekwama.

Akaliweka mezani kama mtu anayeleta paka mgonjwa. "Hebu litazame, Mwalimu. Nimeliosha kwa maji ya tangi, nimelikausha, nimelipaka mafuta. Mikono yangu ina laana gani?"

Akanionyesha mikono. Kwenye kiganja cha kulia kuna kovu la mwaka 2009. Ndoana ilimwingia pale, malowei wa maisha yake akiwa bado kwenye mshipi, samaki mrefu kama mlango. Koleo likakataa kufunguka. Samaki akaenda zake. Mimi nilikuwa hatua kumi kando, nikichimba mchangani kombe za chambo kwa visigino. Niliona yote.

Nikavuta pumzi. Pumzi moja, kama alivyosema Tevita. Nikafungua kinywa.

Nikasema labda hulioshi kwa muda wa kutosha.

Horst akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akasema ndiyo, atajitahidi. Akanikatia kipande kikubwa cha keki.

Nilikila chote. Mungu wangu, nilikila chote.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia! Sitaungama kwa maneno, nitaungama kwa koleo. Kesho nitasimama na koleo la chuma kitupu, mfano wa lile la Horst, na kutangaza kwamba sayansi imemthibitisha. Jina la Kutu litakufa. Mimi nitafuata kwa amani.

Tevita akanipeleka dukani. Nilichukua sumaku ya mlango wa friji, yenye umbo la nanasi. Chuma kinachonata sana kwenye sumaku hushika kutu upesi, hasa springi ndogo iliyojificha katikati. Hapo ndipo makoleo mengi hufia. Nilipima kumi na moja. Mwenye duka akamwuliza Tevita kama babu yuko salama. Tevita akajibu kwamba babu ni mwanasayansi, usimkaribie.

Nikapata moja la chuma kitupu: metali moja mwanzo mwisho, skrubu ya metali hiyo hiyo, mipini haina rangi ya kuficha maovu. Nanasi halikunata popote. Baya kama mguu wa kuku. Zuri mno!

Karibu na mlango kulikuwa na mengine, ya buluu. Buluu ya bahari saa nne asubuhi. Nanasi lilinata kwenye springi. Kidogo tu. Nimeyanunua pia, ya kutazama tu nyumbani. Yanauzwa mawili mawili.

Jumamosi, 8 Juni



Ukumbi ulijaa, soseji zinaungua nje. Nilisimama, mkono mfukoni kwenye koleo la chuma. Kabla sijasema neno Horst akainuka akaomba radhi, akasema ana jambo la miaka ishirini na sita.

Kumbe mwaka ule, kila Jumapili akitoka kanisani, alipitia kwenye ndoo, akalitoa koleo lake, akaliosha kwa maji matamu na kulirudisha. Kila Jumapili! "Na bado la Mwalimu likanishinda," akasema, "ambalo halikuguswa na mtu. Nikajua Mungu yuko upande wake. Ndiyo maana nalibeba hili jekundu. Ndiyo maana niliitikia jina la Kutu. Ilikuwa adhabu yangu." Akanigeukia, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, ndugu yangu."

Watu wote wananitazama. Tevita, aliyenileta, ananitazama zaidi.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Mlango wazi, taa zimewashwa.

Nikamsamehe.

Nikamsamehe kwa sauti kubwa! Nikamkumbatia. Glenys akalia. Mtu akapiga kelele kwamba hakuna muungwana kama Mwalimu Trewartha. Makofi yakanipanda kichwani kama bia, na mkono ukatoka na koleo la buluu, nikalisifu. Sijui lilifikaje mfukoni. Najua. Nililitia asubuhi.

La chuma kitupu nikampa Horst, kama zawadi. Glenys akaamua mawili hayo yashindanishwe, safari hii kwa haki, hadi Septemba. Ndoo ikae wapi? Horst mwenyewe akasema barazani kwangu, maana mtu wa kuaminika tunaye.

Nyumbani Tevita, akinivua soksi, akasema neno moja tu. "Mkeka, mzee."

Jumapili, 9 Juni

Kengele ya Walutheri imelia. Nimejikokota hadi barazani kwa fimbo. La Horst linang'aa. La buluu lina doa la kahawia kwenye springi. Siku moja tu!

Nimekaa kando ya ndoo na kuona aibu kweli, hadi kifua kikaniuma. Nitamwambia kila kitu. Nimeapa. Septemba, matokeo yakishatoka. Daktari hajaniahidi Septemba, lakini madaktari hukosea.

Ibada kwao huchukua saa nzima na dakika kumi. La buluu la pili lilikuwa kwenye droo, kavu kabisa. Nimelibadilisha kwa dakika nne, pumzi moja.