Gari Lilijaa, Kiwanja Kikabaki Kitupu

Leo nimeaibika, tena mbele ya Bwana Shauri mwenyewe.

Mnaijua kazi yangu: karani wa tikiti, stesheni ya Dodoma. Juzi Bwana Shauri, Mjerumani anayetutawala wilaya nzima, alituuliza sisi makarani na majumbe, wakuu wa vijiji: akiweka kiwanja cha mieleka na kuvuta kamba kando ya stesheni, gari la moshi litaweza kuleta watu wa kukijaza kutoka Kigwe, stesheni ya jirani? Mimi nikajibu, "Litaweza, Bwana." (Nani alinituma?)

Tulipotoka, Jumbe Ndahani akanivuta pembeni. "Mwanangu, watu wa Kigwe unawajua?"

"Siwajui, mzee."

"Sasa umemwahidi nini mzungu?"

Ukimwangusha Bwana Shauri, ni viboko ishirini na tano.

Leo alfajiri gari likatumwa Kigwe, bure. Saa nne likarudi, watu hadi pembeni mwa mabehewa. Bwana Shauri akatabasamu. Nikamshukuru Mungu.

Gari likasimama. Hakushuka mtu.

"Karibuni kiwanjani," nikasema.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniangalia. "Kuna nini huko?"

"Mieleka."

"Mieleka ipo kwetu. Sisi tumekuja kupanda gari. Tukishuka, mwingine atakaa hapa."

Wacheza mieleka wenyewe walikuwa behewa la tatu, wameng'ang'ania ubao. Nao hawashuki.

Bwana Shauri akatoa saa yake mfukoni. Nikapanda behewani na kanzu yangu nyeupe, nikaanza kuwabembeleza mmoja mmoja.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali shuka."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa kwanza, utaanguka."

Filimbi ikalia. Dereva alikuwa na amri ya kuwarudisha watu saa tano, na saa tano ilikuwa imefika. Gari likashtuka, nami nikaketi barabara ndani ya chungu cha togwa cha yule bibi. Nilipoinua kichwa, Bwana Shauri alikuwa amesimama peke yake kando ya kiwanja kitupu, akizidi kuwa mdogo. Watu wa Kigwe wakanipigia vigelegele. Walidhani nami nimeamua kusafiri nao.

Kigwe nikakuta simu ya maandishi ya Bwana Shauri imeshanitangulia. Karani wa huko akanisomea, midomo ikimcheza: "Mambo ya kiwanja basi. Viboko hakuna, nimecheka mno. Rudi kwa miguu."

Kwa hiyo mkinikuta njiani, nipeni maji tu. Habari za kanzu msiulize.