Doa la Daktari Stolte

Rüdiger Stolte hakuwa daktari, lakini koti jeupe lilimkaa vizuri kuliko madaktari wengi, na kwetu Celle, Ujerumani, hilo linatosha. Basi la matembezi ya bure, aliloliandaa ili auze krimu zake, liliposhusha bibi wastaafu mbele ya hoteli ya mashambani, alizitazama nyuso zao akaona madoa meusi: mashavuni, kwenye paji, mpaka shingoni. Mtu mwingine angeona uzee. Yeye aliona mshahara.

"Bibi zangu," alianza, baada ya kahawa na keki, "madoa hayaletwi na miaka. Yanaletwa na kuchagua krimu mbovu!"

Akapanga makopo mezani: ya bei nafuu, ya bei ya kati, na ya bei ya kukata pumzi. Yote yalijazwa kutoka ndoo moja, kwa mwiko mmoja, jikoni kwake. Lakini mteja hupenda kuchagua. Asipochagua, anahisi anaibiwa.

Traudel Kessler akachagua la ghali kuliko yote. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Munich, naye hakutaka kutokea kwenye picha na uso kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akalifungua, akanusa, ndipo akakumbuka kuwa amelipa kwa nauli ya treni.

"Sasa harusini utaendaje?" akauliza rafiki yake, Irmgard Pohl.

"Angalau uso utakuwa safi," Traudel akajibu, machozi yakimlenga.

"Utamwonyesha paka wako."

Traudel akaenda kuomba arudishiwe pesa. Stolte akamshika mkono kwa huruma kubwa. "Dawa ikishafunguliwa hairudi, mama. Sheria ya afya." Sheria hiyo alikuwa ameitunga sekunde ile ile. Irmgard alisikia, na damu ikamchemka.

Stolte naye alikuwa amemwona Irmgard: bibi wa miaka themanini, uso hauna doa hata moja, na hajanunua kitu. Akamfuata pembeni.

"Bi Pohl, mbona wewe hukuchagua?"

"Nichague ya nini, Daktari?"

"Kwani unapaka nini? Niambie mimi, mtu wa fani."

"Fani yenyewe ndiyo hiyo poda uliyojibandika chini ya jicho?"

Stolte akashika shavu haraka. Chini ya poda kulikuwa na doa lililomkosesha usingizi tangu mchumba wake amwambie akafute tope. Krimu yake hakuwa ameijaribu. Aliijua mno.

Irmgard akachungulia mkobani, akatoa kikopo kilichobaki nusu, kisicho na maandishi, akakirudisha upesi. "Wanatengeneza masista wa monasteri. Hakiuzwi."

"Kila kitu kinauzwa, mama."

"Hiki ndicho cha mwisho, mwanangu. Na wewe una krimu zako nzuri tu, za aina tatu."

"Achana na hizo!" Stolte akanong'ona. Akataja bei. Irmgard akatikisa kichwa. Stolte akapandisha. Irmgard akafunga mkoba. Yule fundi wa maneno akaanza kubembeleza, mwisho akamwaga mezani mauzo yote ya siku hiyo. Irmgard akatoa pumzi kama mtu anayeuza figo.

"Haya. Kwa sababu unanitia huruma."

Ndani ya basi Irmgard akamrudishia kila bibi pesa zake, na Traudel akaikumbatia nauli yake.

"Irmgard, masista gani hao?"

"Masista wapi! Mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe. Napaka mikono ikipasuka."

"Na huo uso wako?"

"Miaka arobaini kwenye chumba cha barafu, kiwanda cha soseji. Jua ningelionea wapi?"

Basi zima likacheka mpaka dereva akageuka.

Traudel akaenda Munich na madoa yake yote, akapigwa picha katikati ya maharusi, akicheka meno yote nje.

Stolte naye akahangaika kuitafuta namba ya simu ya Irmgard mpaka akaipata.

"Bi Pohl, linafifia! Naapa, kila asubuhi nalitazama kwenye kioo, linafifia! Nisemee kwa masista, nataka vikopo viwili."



"Masista wamepandisha bei, mwanangu," akasema Irmgard.