Vijana Arobaini Wapata Uzoefu wa Kazi Santa Eufrosina

Serikali ya mji wa Santa Eufrosina ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na vipaza sauti vinne, kwamba ukosefu wa uzoefu wa kazi miongoni mwa vijana ungekomeshwa ndani ya siku ishirini, Jumamosi na Jumapili zikiwa hazimo. Vijana arobaini wangepata mafunzo, posho ya kila siku na cheti. Mratibu wa Mpango huo alikuwa Eleuterio Dimaculangan, na tangazo lilipokuwa likisomwa alisimama nyuma ya Meya Crisologo Buenviaje akipiga makofi kuliko wote, kwa sababu alikuwa na haja yake.

Haja yenyewe ilikuwa ajira ya kudumu. Eleuterio alikuwa ametumikia jumba la mji miaka kumi na tisa kwa mikataba ya miezi sita sita, na kila Juni na kila Desemba alilala hajui kama ataamka mtumishi wa umma au mtu wa kawaida. Meya alimwahidi kwamba ripoti ya Mpango ikipokelewa mkoani bila dosari, jina lake litapelekwa. Mwaka uliopita ripoti ilirudishwa kwa kuwa visanduku kumi na saba vya fomu vilikuwa vitupu.

Safari hii hakutaka mchezo. Siku ya kwanza aliwagawia vijana madaftari yenye kisanduku cha kila nusu saa, akawaeleza utaratibu: kila mmoja ataambatana na mtumishi mmoja (aliyepaswa kumfuata mratibu atapewa Meya), atamfuata kila aendako, na ataandika anachokifanya mtumishi huyo. Kisanduku kitupu hakitavumiliwa. Binti mmoja wa safu ya mbele, Rhealyn Abuda, mwenye stashahada ya uhasibu na mdomo usiojua kutulia, akainua mkono.

"Samahani bosi. Ikitokea nusu saa ambayo hakuna kinachofanyika, tuandike nini?"

"Andikeni kinachotokea wakati hakuna kinachofanyika," alijibu Eleuterio, akajisikia kwamba amesema jambo zito.

Ieleweke kwamba jumba la mji lina watumishi arobaini, na kazi yake imegawanywa kwa uangalifu mkubwa ili isimfikie yeyote. Bi. Norma wa Tathmini ya Ardhi huuza soseji za kwao, kilo na nusu kilo, kutoka droo ya chini ya meza yake. Bwana Isidro wa Leseni huuza vyombo vya plastiki vyenye mifuniko. Ijumaa wote hucheza dansi ya mazoezi uani kwa ajili ya afya ya umma. Dirisha Namba Tatu, la vyeti vya kuzaliwa, lilifungwa kwa ajili ya chakula cha mchana katika mwaka ambao hakuna anayeukumbuka vizuri, na chakula hicho kilikuwa bado kinaendelea.

Vijana walifuata na kuandika. Kufikia siku ya tano Rhealyn, aliyepangiwa Bi. Norma, alikuwa anazijua soseji zote, tamu na za kitunguu saumu, na amechoka nazo. Akalifungua Dirisha Namba Tatu. Watu waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma kwa hofu, na bibi mmoja akauliza kama kuna msiba. Mpaka jioni foleni ilikuwa imekwisha. Kesho yake wenzake wakafungua Leseni, keshokutwa Tathmini, na ndani ya juma moja hapakuwa na mtu hata mmoja wa kungoja. Watumishi walikuja juu. Bi. Norma aliandika barua ya malalamiko akieleza kuwa wanaongoja ndio wateja wake, na sasa biashara imelala doro.

Eleuterio alimwita Rhealyn pembeni.

"Binti, wewe umekuja hapa kupata uzoefu wa kazi," alimwambia kwa upole. "Nani kakutuma ufanye kazi?"

"Samahani bosi. Niliikuta pale, haina mtu."

"Ina mtu. Mwenyewe yuko mapumziko."

Siku ya ishirini alikusanya madaftari. Hakuyasoma, maana kusoma si kazi ya mratibu. Alihesabu visanduku, akakuta vimejaa vyote, akapiga muhuri kila ukurasa, kisha akayapeleka mkoani huku machozi yakimlengalenga.

Mkurugenzi wa mkoa, Bi. Perpetua Magbanua, alifika mwenyewe Jumatatu iliyofuata, watumishi wakiwa wamejipanga uani kupandisha bendera. Meya alikuwa ameokesha nguruwe mzima. Mgeni alipewa kipaza sauti, akavaa miwani, akafungua daftari la juu.

"Saa tatu," alisoma. "Mheshimiwa Meya ameingia. Saa tatu na nusu, Mheshimiwa anajipiga picha. Saa nne, Mheshimiwa amesinzia. Saa nne na nusu, anaendelea."

Alisoma madaftari matano hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Eleuterio alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Kisha Bi. Perpetua akasema kwamba katika utumishi wake wote hajapata kuona visanduku vilivyojazwa vizuri namna hii. Mpango, akaendelea, unawahusu watu wasio na uzoefu wa kazi, na ushahidi uliogongwa muhuri na mratibu mwenyewe unaonyesha kwamba Santa Eufrosina ina watu hao arobaini na mmoja, ukimhesabu Meya. Vijana uzoefu wanao, wabaki madirishani. Hao wengine wapelekwe palipo na kazi, siku ishirini, kwa posho ile ile.

Nguruwe aliliwa kimyakimya.

Eleuterio na Meya walipangiwa tanuri la mkate la Aling Meding, mama wa makamo ambaye hajawahi kumwona mtumishi wa umma kabla ya saa tatu. Saa kumi na moja alfajiri aliwasimamisha mbele ya unga, akawauliza wana uzoefu gani.

"Miaka kumi na tisa pale jumbani," alisema Eleuterio.

"Sikuuliza ulikuwa wapi, mwanangu. Nimeuliza unajua kufanya nini."

Eleuterio alijipekua, akaona aibu, kweli aliona aibu, na mwishowe akasema anajua kupiga muhuri.

Hapo Meya akaiona fursa. Uso wake ulikuwa umechapwa kwenye gari la wagonjwa, kwenye mifuko ya mchele wa msaada na kwenye majeneza ya bure, ila mkate ulikuwa bado. Akaagiza uletwe muhuri wa mbao wa kampeni, akapendekeza kila mkate wa asubuhi utoke na sura ya kiongozi. Aling Meding aliutazama muhuri, akawatazama wateja waliokwisha kusimama nje, akasema yeye hana shida, ila wajue kwamba mteja atang'ata. Meya akasema wananchi wanampenda.

Eleuterio akagonga madonge mia nane kabla hayajaingia motoni, kila uso katikati, kila pua imenyooka. Ilipofika saa moja mkate ulikuwa umekwisha. Watu hawakungoja kufika nyumbani wala kuchovya kwenye kahawa. Waling'ata pale pale dukani, wengi wakianzia puani. Mwalimu mmoja mstaafu alinunua ishirini, akala wa kwanza polepole huku akimtazama Meya machoni. Rhealyn, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mratibu, alikuja kukagua akaondoka na mifuko miwili. Meya alikuwa akiwapungia mkono wote. Kesho yake Aling Meding akaongeza unga mara tatu.

Siku ya ishirini mama huyo alimwita Eleuterio, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwambia kama anataka ajira ya kudumu ipo, kuanzia kesho, mpaka mmoja wao afe. Eleuterio alilia waziwazi mbele ya wateja.

Meya naye akasogea, akasafisha koo, akauliza yeye je.

"Wewe nenda tu, Mheshimiwa," alisema Aling Meding, akiutundika muhuri ukutani. "Uso tunao."