Kijiti Chenye Meno ya Dhahabu

Jumatatu, 3 Februari

Sanaba, umekuja hatimaye! Miezi minne sasa hujakanyaga mlango wangu. Ségou si mwezini, mdogo wangu. Basi linakuja Bamako kila asubuhi. Najua utalifukua daftari hili chini ya godoro kabla hata hujanisalimu, kwa hiyo nakugombeza humu humu. Shule hatukuikanyaga, wewe wala mimi. Lakini marehemu mume wangu alitufundisha herufi za N'Ko, maandishi ya lugha yetu wenyewe, na wasomi wa Kifaransa wa nyumba hii hawaijui hata moja. Nitasema nipendavyo.

Habari ni mbaya. Jana arusini nilikuwa nawasifu akina Doumbia, babu kwa babu, mbele ya watu mia tatu. Nikafika kwa babu wa tano. Kimya. Jina limenitoka! Mimi, Tenin Kamissoko, jeli wa kuzaliwa, malenga mwana wa malenga! Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nani akainuka? Assan Soumano, mwanamke jeli wa mtaa wa pili. Akalitaja jina lile kwa sauti ya asali, na watu wakampigia makofi.

Nankoman. Sasa ndipo linapokuja! Kama mbuzi aliyepotea, anarudi wageni wameshaondoka.

Jumapili hii mzee Doumbia anamwoza mjukuu wake. Nikikwama tena, nyumba ile itakuwa ya Assan. Mama yetu aliisemea nyumba ile. Bibi yetu aliisemea. Mimi niwe wa kuizika?

Nina mpango. Nikiwa nyumbani, nimetulia, majina yote yapo. Nitayarekodi. Simu yangu hurekodi dakika moja tu, na ukoo wa Doumbia ni saa nzima, basi nitatumia kompyuta ya mezani aliyoniachia mwanangu. Kisha sauti ihamie kwenye simu, simu kifuani, waya sikioni, kilemba juu. Nitajinong'oneza mwenyewe! Assan akatafute kikohozi chake.

Jumanne, 4 Februari

Kompyuta haina programu ya kurekodi. Oumou, mke wa mwanangu, akasema si kitu, ataiweka kabla chai haijapoa.

Chai imepoa. Programu ilifika theluthi, kioo kikawa buluu, mashine ikazima na kuwaka yenyewe. Akaanza upya. Mara hii ilikaribia kabisa kumaliza. Buluu! Mara ya tatu haikuvuka hata mlango. Oumou akasema programu ni mbovu, akatafuta nakala nyingine. Buluu. Nikasema ni Assan, ameifunga kwa dawa. Oumou akaniomba niende kulala.

Sikulala. Alipokwenda sokoni nilifungua ubavu wa mashine. Sanaba, ungeona! Ndani mna mji mzima, una barabara na nyumba ndogo ndogo. Na vijiti viwili vimesimama wima, vifupi kama kidole, vina meno ya dhahabu kwa chini. Dhahabu! Lakini vikavu, masikini, vimejaa vumbi la kaskazi kama visigino vya mchungaji. Kikavu hupakwa nini? Mafuta ya shea. Nikavipaka vizuri, meno yote, nikavirudisha.

Sasa mashine haiwaki kabisa. Inalia tii, tii, tii. Oumou hajajua.

Jumatano, 5 Februari

Oumou amejua.

Nimeibeba mashine hadi soko la Dabanani, kwa fundi Zoumana Coulibaly. Mtani huyo; akina Coulibaly tunawaita wala kunde. Nikamwambia ayafute makombo ya kunde mdomoni kwanza, ndipo aguse mali yangu. Akajibu kwamba mla kunde hashindi njaa, ila sisi majeli tungekula maneno yetu tungekuwa wanene zaidi. Kisha akafungua ubavu, akanusa. Akaniangalia. Akanusa tena.

"Mama Tenin, umeikaanga?"

Akasafisha meno yale kwa spiriti, kisha kwa ufutio wa penseli, taratibu kama anayemnawisha mtoto mchanga uso. Mashine ikawaka. Akaijaribu ile programu, ikaanguka. Mara ya pili, ikaanguka. Akaanza kunisimulia habari ya kununua kompyuta nyingine.

Nikamuuliza swali moja. Inaanguka mahali palepale, au mahali papya?

Akasema papya, kila mara papya.

Nikamwambia basi kosa si la programu. Mwanafunzi asiyefundishwa hukwama mahali palepale kila siku, maana pale pana shimo. Anayekwama leo hapa, kesho kule, huyo amefundishwa, ila kichwa chake kinavuja. Mama alitutofautisha hivyo, unakumbuka?

Zoumana akaweka glasi ya chai chini. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye kinu, nikitwanga mtama.

Akasema vile vijiti ndivyo kumbukumbu ya mashine. Kila inachofanya sasa hivi hukishika pale. Ikizimwa, husahau chote. Akaweka kipimo. Kioo kikawa cheusi, namba zikaanza kupita. Akanieleza: mashine inakipa kijiti namba mamilioni, kisha inazidai. Inazipindua, inazidai. Inazitoa nyuma kwenda mbele, inazidai. Sanaba, nywele zilinisimama. Ni mama yule! Alitusomea majina alfajiri, akatudai adhuhuri. Alitudai kinyumenyume. Alitudai tukitwanga, tukilia, tukiwa na homa. Nilikaa kwenye kibao cha Zoumana mpaka alasiri, chai raundi tatu, sikuondoa macho. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu mstari mwekundu ukatokea, kisha mwingine.

Nikasema "Subhanallah" kwa sauti. Wateja waligeuka. Waache wageuke. Wao walizaliwa na vitu hivi na hawavishangai. Hasara ni yao.

Alhamisi, 6 Februari

Zoumana amevipima kimoja kimoja. Kimoja kizima, kimoja kigonjwa. Kigonjwa amekitoa. Nikalalamika kwamba ananirudishia nusu ya mashine. Akasema, "Mama, nusu inayosema kweli ni bora kuliko nzima inayobahatisha." Kwa mla kunde, si mabaya.

Programu imewekwa mpaka mwisho! Polepole, kama bibi anayepanda ngazi, lakini imefika. Kile kigonjwa nimekiomba. Nimekivaa shingoni.

Jumamosi, 8 Februari

Nimerekodi mara tatu. Nyumbani, nimetulia, mlango umefungwa. Kisha nikasikiliza.

Ya kwanza nimemruka babu wa tatu. Ya pili huyo yupo, wa saba hayupo, pana kimya tu. Ya tatu nimemtaja wa tano mara mbili, na Sinaly, yule aliyechimba kisima, hayumo kabisa.

Nikajiuliza lile swali langu. Mahali palepale, au papya?

Sijala chakula cha jioni. Oumou nimemwambia samaki wa mchana amenikaa vibaya.

Jumapili, 9 Februari

Nilikwenda na waya na ile rekodi ya pili. Ningefanyaje?

Yule anayeniitikia naamu kila mstari hakufika. Assan akajisogeza bila kualikwa, akaketi kwenye mkeka wake. Akaniuliza chini chini kama kikohozi kimepona. Nikamwambia nitampa akakifuge.

Nikaanza. Sauti yangu sikioni ilinitangulia, nikaifokea, "Subiri, wewe mwanamke!" Watu wakadhani nasema na mama kaburini, mzee Doumbia akavua kofia. Tukafika kwa babu wa saba. Nikanyamaza. Na yule wa sikioni akanyamaza! Wote wawili, mabubu.

Assan akasema, "Naamu." Kisha kwa pumzi tu, midomo haikutikisika: "Fabou." Nikasema Fabou. Akasema naamu kwa nguvu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Mara nne alifanya hivyo, Sanaba. Hakuna aliyesikia. Mzee Doumbia alilia, akasema nyumba yake haina jeli mwingine ila Tenin. Assan akapiga makofi kuliko wote.

Mwanamke yule ana moyo gani? Sijui niuweke wapi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempelekea Assan sahani ya wali na mchuzi wa karanga, pamoja na ujumbe kwamba chumvi nimepunguza kwa sababu maneno yake yanatosha. Akajibu kwamba atakuja kila Ijumaa, nimdai majina naye anidai. Nikakataa. Kichwa changu ni kizima! Tatizo lilikuwa sikio moja. Nimenunua waya wa pili.

Na kile kijiti kigonjwa kimelala ndani ya mafuta ya shea tangu jana. Zoumana hana subira, hakumpa mgonjwa muda wa kunywa. Ijumaa nitakirudisha ndani ya mashine. Oumou asijue.

Kwa hiyo safari ijayo lete mafuta ya shea ya huko kwenu, kibuyu kizima, yasiyochujwa. Na leo, ukishasoma haya, usianze na salamu. Keti kwenye mkeka, uniulize babu wa tano wa akina Doumbia. Nikinyamaza, usikohoe. Sema naamu, kisha litaje polepole, kama ni mimi niliyelitaja.