Faili la Amri Limehama Nyumba

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Simu, andika ninavyosema na usinikatize. Mke wa mwanangu ana kichwa, jamani! Kaandika faili la amri, mistari tisa tu. Ukilibonyeza, picha zote za siku za duka letu la picha zinatoka folda ya kamera zinaingia kwenye diski ya kuchomeka, zimejipanga kila mtu na zake. Mimi nilipanga kwa mkono miaka thelathini, kwenye maboksi ya viatu! Ila kalificha, folda ndani ya folda. Nimelivuta hadi mbele kabisa ya kioo cha kompyuta. Kesho nalibonyeza mwenyewe, Kipara wa studio ya ng'ambo ya barabara anione dirishani. Atakoma!

Jumanne, tarehe 4
Nimebonyeza. Kidirisha cheusi kikafunguka, kikasema hakioni njia, kikajifunga. Kipara anaangalia! Nikacheka kama mtu aliyefanikiwa. Balaa. Bi harusi tuliyempiga picha kapiga simu, anataka picha zake kesho saa nne, mia nne nzima. Akizikosa anahamia kwa Kipara, yeye na dada zake watatu. Kupanga kwa mkono ni siku mbili. Mkwe kaniuliza kama nimegusa kitu. Nikasema labda paka. Hatuna paka.

Jumatano, tarehe 5
Nimemtazama mkwe akifanya kazi mpaka chai ikapoa. Hakupiga meza wala hakutukana. Mwanangu redio ikikwama anaizaba kofi, kama marehemu baba yake, naye... basi, tuyaache. Mkwe kaongeza mstari wa kuilazimisha kompyuta iseme imesimama wapi. Ikasema! Kumbe amri ilikuwa "ingia folda ya jirani", na mimi faili nimelihamishia mtaa mwingine, jirani huyo hayupo! Kaandika njia nzima, kuanzia herufi ya diski, folda kwa folda, kama unavyomwelekeza mgeni kutoka stendi. Picha zikamiminika! Saa nne bi harusi huyu hapa, anachekelea, na dada zake kawaleta wapigwe picha. Walipoondoka, mkwe kaniambia taratibu: Mama, yule paka alihamisha faili juzi saa nane mchana, uko dukani peke yako. Nikamjibu paka wa siku hizi wamesoma. Kacheka mpaka kashika ukuta. Binti wa watu, dhahabu!

Alhamisi, tarehe 6
Sasa nimeelewa barabara. Kila njia inaanzia kwenye diski. Basi asubuhi nimeichomoa, nikaizungushia kitambaa, nikaifungia sandukuni kwangu na kufuli. Hapo njia itapotea vipi? Mkwe ananiita kutoka dukani, anaita kwa nguvu, Mama! Mama! Ngoja nivae gauni jipya. Mtu hapokei shukrani na nguo za jikoni.