Mnara wa Kengele na Mwamba Usiomo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Upepo umeangusha mti wa kengele. Rimu yetu ya lori, ndiyo kengele yenyewe, imelala majanini. Mimi, Petronila, ndiye mtunza kengele wa shule hii ya Butiama tangu kidato cha pili, na mwenzangu Brenda keshaanza: eti Petronila hana mti, sasa hana cheo. Brenda ana mikono mirefu ya kufungia magoli ya netiboli. Cheo changu anakitamani waziwazi. Mpango! Nitachora mnara wa chuma kwa kompyuta. Mwenye mnara, nani atamwondoa?

Jumanne, 4 Machi
Programu ya ajabu! Vyuma viwili vikigongana vinageuka kuwa vyekundu; visipogongana, kijani. Ukimaliza, inatoa orodha ya vipande vyote, hadi bolti. Chini ya rimu nimesimamisha kimtu cha programu, nikakipunguza mpaka kimo changu. Nondo yake ya kugongea inaifikia rimu sawasawa. Kijani kila mahali! Mwalimu Clementi akauliza kama nimepima ardhi. Nikamjibu kwa heshima kwamba programu ina ardhi yake, tena tambarare.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Masatu amekata vyuma kwa orodha yangu. Hakikubaki kipande. Akakiri kwamba yeye alikuwaga anapima kwa kamba, na mabaki yakatosha kuunda kitanda. Nilijizuia kutabasamu. Nikashindwa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kuchimba kidogo tu: mwamba. Pembeni: mwamba uleule! Mchoro unataka miguu izame sentimita hamsini. Masatu akasema, binti, tukate miguu, kazi ya dakika mbili. Kukata! Mchoro wa kijani! Nikamwambia mchoro ni mchoro. Akacheka, akaniita injinia, akaifunga miguu yote mizima juu ya mwamba. Kisha akauliza kama kompyuta yangu haikuuona mwamba huu. Haikuuona. Lakini hilo ni kosa la mwamba.

Ijumaa, 7 Machi
Shule nzima mstarini. Mkuu wa shule anatazama saa. Mnara hautikisiki hata chembe! Nikanyoosha nondo kuifikia rimu, iliyo juu kuliko kwenye skrini. Hewa. Nikaruka. Hewa. Nikaruka tena, kiatu kikatoka. Kidato cha kwanza wakaanza kunihesabia kwa sauti. Brenda akaja polepole, akaichukua nondo, akasimama kwa vidole. Ngaaa! Akaniambia pole, dada mfupi, mnara wako mzuri sana. Mkuu wa shule akampa cheo palepale.

Jumatatu, 10 Machi
Jana kanisani niliomba unyenyekevu. Nimeupata, na pamoja nao nimeona kosa langu: mnara haukuwa na ngazi! Leo nimechora ngazi ya chuma, vipandio vitatu, miguu ya kuzama sentimita hamsini. Mwalimu Clementi akauliza kama safari hii nimepima ardhi. Nikamwonyesha skrini. Tambarare. Kijani tupu. Kimtu changu kimepanda hadi juu, na kinaonekana kina furaha.